Kijana, belti fupi usiikubali

Juzi usiku nilipata ujumbe wa kijana anayefanya kazi ya uriga, yaani kufunga na kunyanyua mizigo mizito kwa winchi, huku kwetu Tanga, upande wa Pongwe. Kaandika: "Shikamoo kaka. Fomeni wetu anasema belti ikishafika kwenye kulabu ya winchi basi inatosha. Nikisema ni fupi ananiita mwoga mbele ya wenzangu. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako nimeurudia mara mbili, maana hilo neno la uoga nimewahi kutupiwa mimi, tena na mtu niliyemheshimu sana.

Ilikuwa kwenye kiwanja kimoja cha ujenzi, njia ya Mwambani. Jenereta ya tani 4 ilitakiwa ishuke kutoka kwenye lori ikae juu ya zege. Masikio yake mawili ya kunyanyulia yalikuwa yameachana mita tatu na nusu. Tukaletewa belti mbili za njano, tani 3 kila moja, urefu mita 2. Msimamizi akapiga hesabu kwa sauti, kila mtu asikie: tatu na tatu ni sita, mzigo ni nne, sasa tatizo liko wapi?

Hesabu hiyo ni kweli belti zikiwa zimesimama wima. Zikilala, zinavutana pembeni pia. Bebeni ndoo ya maji watu wawili: mkikaribiana ni nyepesi, mkiachana mpaka mikono ikalala, ndoo ile ile inawakata mabega. Belti zetu zingelala karibu nyuzi 30 kutoka usawa wa mzigo, na kwa pembe hiyo kila belti inabeba uzito wote wa mzigo, si nusu. Yaani zaidi kidogo ya tani 4 kwenye belti ya tani 3. Zingesimama nyuzi 60, kila moja ingebeba kama tani 2.3. Rangi ni ile ile, jenereta ni ile ile, kinachobadilika ni urefu tu.

Nikakataa. Nikaomba mtu aende stoo akachukue belti za mita 4. Nikaambiwa nisogee pembeni, akaitwa mwingine, na jioni nikaambiwa kesho nisije. Jenereta ilinyanyuka, ikakaa mahali pake, watu wakacheka. Linaniuma hadi leo, na si kwa sababu ya kibarua, riziki anatoa Mungu. Linaniuma kwa sababu vijana waliokuwepo pale waliondoka wakiamini kwamba msimamizi alikuwa sahihi.

Hakuwa sahihi. Belti za kitambaa za namna ile kwa kawaida hutengenezwa zihimili mara saba ya uzito ulioandikwa kwenye lebo kabla ya kukatika. Akiba hiyo imewekwa kwa ajili ya mtikisiko na uchakavu usioonekana kwa macho. Haikuwekwa kwa ajili ya haraka ya bosi. Ukiila leo kwenye pembe mbaya, kesho mzigo ukitikisika huna cha kukuokoa.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye kiwanda cha katani, kwenda kutoa korona iliyozeeka, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, na kuingiza nyingine. Meneja mwenyewe alisimama nje ya kamba akisubiri mkono wangu ndipo winchi ivute. Hakuna aliyeniharakisha. Nasema hili kwa fahari, maana kusikilizwa namna ile kumenigharimu.

Sasa nisikilize. Kila belti iwe na urefu usiopungua umbali kati ya sehemu mbili unazofungia. Ukitimiza hilo, pembe yako haishuki chini ya nyuzi 60. Masikio yameachana mita tatu na nusu? Belti ya mita 2 rudisha stoo.

Kabla ya kufunga, ishike. Ivute taratibu kati ya viganja, pande zote mbili na kingo zake. Unatafuta mchano, uzi uliotoka, sehemu iliyokakamaa kwa joto au kemikali. Lebo imekatika na haisomeki? Hiyo si belti ya kunyanyulia tena, hata kama rangi bado inang'aa. Kwa waya wa chuma wa kunyanyulia, sisi watu wa pwani tuna adui wa ziada, nayo ni chumvi. Waya unaweza kung'aa grisi kwa nje huku ndani umeshaliwa na kutu, kwa hiyo upinde uone katikati ya nyuzi zake. Ukitoka unga mwekundu, uweke kando.

Na uzito wa mzigo usikisie. Soma kibati cha mashine, au karatasi zake. Kisha nyanyua kiganja kimoja tu kutoka chini, simamisha, tazama kama umekaa sawa na kama miguu ya winchi haizami. Halafu ndiyo uendelee. Mwelekezaji wa winchi ni mmoja, lakini ishara ya kusimama anaweza kuitoa yeyote, hata mpishi wa mama ntilie akiona kitu, na opereta lazima asimame.

Kuhusu fomeni wako: usibishane naye habari za uoga. Chukua kijiti, mchoree pembe mchangani, mwonyeshe namba. Wengi wao hawana ubaya, hawakuwahi kufundishwa. Akikataa, omba belti ndefu mbele ya mashahidi, na andika kwenye daftari la kazi tarehe, uzito, urefu wa belti na jibu alilotoa. Vifaa vya kunyanyulia wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, huvikagua, na daftari lako litakuwa na la kuwaambia. Akilazimisha hata hapo, vua glavu, toka kwenye eneo la mzigo, na watoe na wenzako.

Nitumie leo picha ya lebo ya belti zenu, uzito ulio kwenye kibati, na umbali kati ya masikio ya mzigo. Nitakupigia hesabu umpelekee kesho asubuhi kabla winchi haijawashwa.