Mimi napanga kila saa, mume wangu hapangi kitu: tufuate mtindo wa nani?

SWALI: Habari mshauri. Mimi na mume wangu tunajiandaa kwa safari ya siku kumi. Safari iliyopita niliandaa ratiba kwenye Excel, saa kwa saa. Siku ya tatu mvua ikatuvurugia kila kitu, nikashinda nimenuna mpaka jioni. Mwenzangu yeye akishakata tiketi ya ndege basi, amemaliza. Mengine anasema tutayajua huko huko. Nimejaribu vile vipimo vya mtandaoni vya kukwambia wewe ni msafiri wa aina gani. Kimoja kimeniita mpangaji, kingine kimeniita mtu huru. Nitajuaje mtindo unaonifaa kweli? Niache nafasi kiasi gani kwenye ratiba? Na kuna programu ya simu unayoipendekeza?

JIBU: Dada yangu, hivyo vipimo viweke pembeni. Vinakuuliza unapenda nini, na mtu aliyeketi sebuleni kwake anapenda kila kitu: uhuru, mpangilio, kuamka alfajiri, kulala mpaka jua liwake. Mimi mteja akinijia namuuliza jambo jingine: safari zako za nyuma zilipokwenda kombo, kipi kilikuuma zaidi? Ni kukosa kitu ulichokifuata, au ni kukimbizana na muda mpaka ukafika ulikofika na usikione? Kuna anayefika mlangoni akaambiwa tiketi zimeisha, na kinyongo hicho akarudi nacho nyumbani. Kuna mwingine aliyeona kila kitu na hakumbuki hata kimoja. Wa kwanza aongeze kupanga, wa pili apunguze.

Sasa turudi kwenye ile siku ya mvua. Ulinuna kwa sababu kulikuwa na mahali ulipopatamani sana na hukupaona, au kwa sababu mistari ya kwenye jedwali ilibaki bila alama ya tiki? Jibu hilo unalo wewe. Nikibashiri kutokana na ulivyoandika, naona ni la pili, maana mvua umeitaja lakini mahali mlipopakosa hukupataja. Kama ni hivyo, huna ugonjwa wa kupanga kupita kiasi. Umeweka saa kwenye vitu visivyotaka saa.

Ushahidi wa mtindo wako uko kwenye simu yako. Fungua picha za safari iliyopita, gusa moja moja uone saa iliyopigwa. Tazama picha ya kwanza ya kila siku. Tuseme ratiba inasema mtoke hotelini saa 2:30 asubuhi; picha ya kwanza nje ya hoteli ni ya saa 4:10. Siku ya pili, saa 4:00. Siku ya nne, saa 4:25. Ikiwa ndivyo, nyinyi ni watu wa kutoka saa nne, na hakuna jedwali litakalowabadilisha. Kisha tazama pengo kati ya picha ya mwisho ya sehemu moja na ya kwanza ya sehemu inayofuata. Ramani ilisema ni dakika 20 kwa miguu. Picha zinasema saa nzima, kwa kuwa ramani haihesabu foleni ya choo, wala kuchukua koti mlilolikabidhi mlangoni, wala kubishana njia ipi ni ya mkato. Mwisho, angalia ni wapi mlipiga picha nyingi bila kuwa na haraka. Mara nyingi ni mahali ambapo hapakuwa kwenye ratiba, na hilo nalo lina maana yake. Fanya hivyo hivyo kwa simu ya shemeji.

Nakusisitizia picha kwa sababu makadirio ya kichwani hayaaminiki, na si kwako peke yako. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandikia jambo hili mwaka 1979: tunapokadiria muda wa kazi tunaiwazia itakavyokwenda ikinyooka, na tunasahau kazi kama hiyo ilichukua muda gani mara zilizopita. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1994 uliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku 34 hivi. Zikawachukua zaidi ya 55. Hata walipoambiwa wakadirie mambo yote yakienda mrama, bado walitaja siku chache kuliko zilizotumika. Siku ya matembezi ina makadirio madogo kama hayo saba au manane yaliyopangwa moja nyuma ya jingine, na kila moja likichelewa linalisukuma lililo mbele yake.

Kabla ya mtindo wa mtu yeyote, lakini, kuna fungu la mambo ambalo halina mtindo. Ni vile vitu vinavyokwisha. Njia ya Inka inayopanda hadi Machu Picchu, mji wa kale kule Peru, inaruhusu watu 500 tu kwa siku, wapagazi na waongozaji wakiwamo ndani ya idadi hiyo, na kila Februari inafungwa. Nyumba ya Anne Frank, makumbusho kule Amsterdam, inauza tiketi mtandaoni pekee, na kila Jumanne wanafungua mauzo ya ziara za wiki sita mbele. Mtu wa "tutajua huko huko" akifika hapo atakachokijua ni rangi ya mlango kwa nje. Kuna pia siku za kufungwa, ambazo wapangaji hodari kabisa huzisahau: Taj Mahal ya India haifunguliwi Ijumaa kwa watalii, makumbusho ya Louvre ya Paris haifunguliwi Jumanne. Ukizijua mapema unageuza tu mpangilio wa siku. Ukizijua getini, ndiyo imetoka.

Karatasi nazo ziko kwenye fungu hilo hilo. Viza ya Schengen (ile moja ya kuingilia kundi la nchi za Ulaya) inaombwa si mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida si chini ya siku 15 kabla; pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 angalau baada ya siku mtakayoondoka eneo hilo, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10. Cheti cha homa ya manjano kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, ingawa ukishakipata ni cha maisha, kwa kanuni zilizoanza kutumika Julai 2016. Haya mwambie shemeji kwa upole lakini bila kuacha mwanya. Huko huko hakuna atakachokijua kuhusu sindano ambayo angepaswa kuchomwa siku kumi nyuma.

Jambo jingine la fungu hili ni ndege za kuunganisha. Mkikata tiketi mbili tofauti kwa kuwa ni nafuu, na ya kwanza ikachelewa, kampuni ya pili haiwajibiki kuwasubiri wala kuwatafutia nafasi nyingine. Mizigo mtaichukua na kuikabidhi upya, na kwenye baadhi ya viwanja maana yake ni kupita uhamiaji, yaani huenda mkahitaji viza ya nchi mliyodhani mnaipitia tu. Ama mkate tiketi moja inayobeba safari nzima, ama mlale usiku mmoja katikati. Hapa mtindo wako ndio wa kufuatwa, na sitaki kusikia hoja ya upande wa pili.

Vikishaondolewa hivyo vyote, kinachobaki ndicho cha kuchagulia mtindo. Ni kidogo kuliko unavyodhani, na ni chepesi. Gabriela Tonietto na Selin Malkoc walichapisha utafiti mwaka 2016 kuhusu kuzipangia starehe saa. Walichokiona ni kwamba jambo la kufurahisha likishapewa saa kamili linaanza kuhisiwa kama kazi, na raha yake inapungua. Likipangwa kwa makadirio, kwa mfano "mchana baada ya kutoka pale", upungufu huo hautokei. Kwa mtu kama wewe hii ni habari njema, kwa sababu huhitaji kuacha kupanga. Unahitaji kufuta safu ya saa na kuweka asubuhi, mchana, jioni.

Tuchukue siku moja tuifanyie kazi. Nadhani jedwali lako lilikuwa hivi: saa 3:00 makumbusho, saa 5:00 bustani, saa 6:15 chakula, saa 7:30 soko, saa 9:00 mnara, saa 11:00 kivuko. Angalia kwanza: kati ya makumbusho kuisha na bustani kuanza kuna dakika ngapi za kutembea? Hakuna. Umezipa sehemu saa, njia hukuipa kitu. Sasa ongeza safu moja uiite "tukikosa?" na ujaze mstari kwa mstari. Makumbusho: tutaumia, na tiketi ina muda. Bustani: si kitu. Soko: lipo kila siku. Mnara: tutaumia kidogo. Kivuko: kuna kingine baada ya nusu saa. Basi siku yako ina miadi moja, makumbusho asubuhi. Mnara uweke mchana bila saa, mvua ikinyesha uhamie kesho. Vingine viandike chini ya ukurasa kama akiba, mvichukue vikiwa njiani. Mvua ya safari iliyopita ingeikuta ratiba ya namna hii isingewaharibia siku.

Umeuliza nafasi kiasi gani. Kipimo changu ni miadi moja yenye saa kwa siku, mbili zikizidi, na kila baada ya siku tatu au nne siku moja isiyo na kitu. Kwa siku zenu kumi ni siku mbili tupu. Mkivuka kanda kadhaa za saa, siku ya kwanza msikate tiketi ya kitu chochote. Mwili kwa kawaida unahitaji kama siku moja kwa kila saa iliyobadilika ili uzoee, na kuelekea mashariki ni kugumu zaidi kwa watu wengi. Kipimo hiki si amri. Mkienda Japani katika wiki ile ya sikukuu mwishoni mwa Aprili na mwanzo wa Mei, treni na hoteli zinajaa hata kwa wenyeji, na msafiri huru kuliko wote atalazimika kushika nafasi mapema. Mkienda mahali patulivu msimu wa watu wachache, hata miadi moja kwa siku ni mingi.

Usije ukaacha kupanga kwa sababu ya kuona haya. Utafiti wa Jeroen Nawijn na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, uliwachunguza Waholanzi waliokwenda likizo na wasiokwenda. Tofauti ya furaha ilionekana zaidi kabla ya safari. Baada ya kurudi, wengi wa waliokwenda hawakuwa na furaha zaidi kuliko waliobaki nyumbani. Kwa hiyo zile jioni zako za Excel ni sehemu ya likizo yenyewe. Ila tenganisha mafaili mawili. La kwanza ni la kuota: jaza humo kila unachokisoma, hata vitu mia. La pili ndilo mnalosafiri nalo, na lisizidi ukurasa mmoja.

Kuhusu shemeji, usijaribu kumgeuza. Kila mmoja wenu aandike peke yake, bila kuonyeshana, kitu kimoja ambacho akikikosa ataona safari imepotea. Hivyo viwili mvikatie tiketi kabla ya vyote. Hoteli itafute wewe, lakini weka masharti matatu kabla ya kuanza kutafuta (mahali, bei ya juu kabisa, kughairi bila kukatwa), kisha chukua ya kwanza inayoyatimiza na ufunge ukurasa. Kuendelea kusoma maoni ya wageni baada ya hapo ni kujitafutia wasiwasi. Zile siku mbili tupu ni zake yeye. Aongoze, na wewe usiulize "tunaenda wapi" kabla hamjatoka nje. Wapo wanaume wanaojiita huru ambao kumbe wamezoea kubebwa na ratiba ya mwenzao. Siku mbili zitatosha kuwaonyesha nyote yeye ni yupi. Mkubaliane tu mapema kiwango cha fedha cha siku hizo, maana kuamua papo kwa papo kuna gharama yake.

Programu ya simu: yoyote mnayoweza kuifungua wote wawili bila intaneti. Sina ninayoipigia debe. Pakueni ramani za miji mkiwa bado na mtandao mzuri, tiketi zenye msimbo mzipige picha za skrini, na anwani ya hoteli muiandike kwa herufi za nchi mnayokwenda ili dereva aisome mwenyewe. Tarehe ya mwisho ya kughairi hoteli uiwekee kengele siku moja kabla, kwa kuwa saa inayohesabiwa kwa kawaida ni ya kule hoteli iliko, na usiku wa manane wa huko unaweza kuwa mchana wa kwenu.