Wati za Amplifaya na Asilimia Iliyoandikwa Pembeni Yake

Kijana anayeanza kazi ya kuuza au kufunga vifaa vya muziki Kariakoo ataulizwa swali moja kabla ya mengine yote: amplifaya hii ina wati ngapi? Mteja huuliza akiwa amesimama mbele ya boksi lililoandikwa wati 5000 PMPO, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa na mtengenezaji, na jibu jepesi ni kumsomea kilichoandikwa. Nawasihi msijibu hivyo. Namba ya wati ikisimama peke yake haielezi kitu, kwa sababu amplifaya ile ile inaweza kupewa namba ndogo au kubwa kulingana na kiasi cha upotoshaji wa sauti ambacho aliyeipima alikubali kukivumilia.

Kazi ya amplifaya ni kupokea wimbi dogo la umeme na kulitoa likiwa kubwa bila kubadilisha umbo lake. Pale umbo linapobadilika, huzaliwa mawimbi mengine ambayo hayakuwamo katika wimbo, yenye masafa mara mbili, mara tatu na zaidi ya yale ya asili, na jumla ya mawimbi hayo ikilinganishwa na wimbi la asili ndiyo asilimia ya upotoshaji mnayoiona karibu na herufi THD. Amplifaya iliyotengenezwa vizuri hubaki chini ya asilimia 0.1 katika sehemu kubwa ya uwezo wake. Lakini ukizidi kuongeza sauti, hufika mahali ambapo volti za ndani zimekwisha, kilele cha wimbi kinakatwa, na asilimia hupanda kwa kasi hadi 1, kisha 10. Hapo ndipo mteja anaposema sauti inakwaruza, na hapo ndipo twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, huanza kuungua, kwa kuwa wimbi lililokatwa hupeleka nguvu nyingi zaidi kwenye masafa ya juu.

Vifaa vingi vya bei nafuu hupimwa kwenye asilimia 10, kwa sababu namba inayopatikana huko huwa kubwa kwa takriban robo kuliko ile ya asilimia 1. Wati 50 kwa asilimia 10 ni kama wati 40 kwa asilimia 1, na zile kumi za nyongeza hakuna anayeweza kuzisikiliza kwa raha. PMPO ni mbaya zaidi, kwa kuwa haina njia ya upimaji iliyokubaliwa. Ichukulieni kama pambo la boksi. Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara ilitoa kanuni ya kutangaza nguvu za amplifaya mwaka 1974, na mwaka 2024 ikaiboresha ili wati zitajwe kwa mzigo wa omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), kwa masafa ya kuanzia hezi 20 hadi 20,000, kwa upotoshaji ulio chini ya asilimia 1. Boksi linaloshushwa Kariakoo halikutengenezwa lazima kwa ajili ya soko hilo, lakini masharti hayo ndiyo maswali ninayotaka mjizoeze kuuliza: kwa omu ngapi, kwa masafa yapi, kwa asilimia ngapi, na je, chaneli zote, yaani kushoto na kulia, zilikuwa zikifanya kazi kwa pamoja?

Karatasi ya maelezo isipojibu, geuzeni amplifaya msome nyuma. Namba ya matumizi ya umeme wakati mwingine hupimwa kwa sauti ya wastani, kwa hiyo tofauti ndogo isiwatie shaka, ila wati 60 nyuma na wati 5000 mbele haziwezi kupatana. Zile ndogo zinazotumia adapta ni rahisi zaidi kuzikagua. Adapta ya volti 12 na ampea 3 hutoa wati 36 kwa jumla, basi. Hata mkiweka adapta yenye ampea nyingi zaidi, volti zenyewe ni ukuta: zidisheni volti kwa zenyewe, mgawanye kwa mara mbili ya omu za spika. Kwa volti 12 na omu 4 mtapata wati 18 kwa kila chaneli, na kwa omu 8 mtapata 9 tu, isipokuwa kama ndani kuna sakiti ya kupandisha volti. Kwa volti 24 na omu 4 kikomo ni wati 72, na kwa kweli hupatikana pungufu ya hapo.

Mteja wa sebule ya Sinza au Tabata hahitaji wati nyingi kama anavyodhani. Spika ya desibeli 87 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) hutoa kiwango hicho kwa wati 1 tu ukiwa umbali wa mita 1. Kuongeza wati maradufu huleta desibeli 3, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida, na ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu huhitajika wati mara kumi hivi. Anayehama kutoka wati 50 kwenda 100 angefaidika vilevile kwa kununua spika ya desibeli 90 badala ya ile ya 87.

Kumbukeni pia umeme wetu. Amplifaya zenye transfoma ya kawaida hupungukiwa volti za ndani umeme unaposhuka, na nguvu hupungua kwa mraba wa volti hizo: ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, takriban robo ya wati inapotea, na ukataji wa wimbi huanza mapema kuliko ulivyosikia dukani.

Mnapomjaribishia mteja, msiangalie kitasa kimefika wapi, kwa sababu simu inayopeleka sauti kubwa huifikisha amplifaya kikomoni hata kitasa kikiwa nusu. Wekeni wimbo wa kwaya wenye besi nzito, mwongeze sauti polepole, na msikilize waimbaji badala ya besi. Sauti zao zikianza kuwa na mikwaruzo kila besi inapopiga, rudisheni kitasa kidogo na mmweleze mteja kwamba amplifaya hiyo inaishia hapo.