Diski au kupakua: mchezo ni wako kweli?

Ndugu, umeuliza iwapo uendelee kununua michezo ya video ya diski au uhamie ya kupakua. Unapopakua, kwa kawaida unachonunua ni leseni ya kuutumia mchezo, ambayo huwezi kuiuza tena. Ndiyo maana sheria ya California iliyoanza kutumika 2025 inawataka wauzaji waliseme hilo waziwazi. Diski waweza kuiuza au kumwazima rafiki, ila soma maandishi ya kwenye kasha, kwa kuwa baadhi ya kadi za mashine ya michezo ya Nintendo Switch 2, ambazo hutumika badala ya diski, hazina mchezo ndani, bali ufunguo tu wa kuupakua. Hata diski ya The Crew, mchezo wa mbio za magari uliohitaji intaneti wakati wote, haikufaa kitu seva (kompyuta za kampuni zilizouendesha) zilipozimwa mwaka 2024. Mimi ningenunua diski kwa michezo isiyohitaji intaneti ninayotarajia kuirudia. Mingine ningeipakua bila kinyongo.