Kuta zilisaidia, ila si peke yake

Kaka, umeuliza kama kuta za ngome zilizuia adui kweli au ilikuwa kupoteza mawe bure. Zilizuia, tena sana. Kuta za nchi kavu za Konstantinopoli (Istanbul ya leo) zilijengwa karne ya 5, zikasimama miaka elfu moja hivi mpaka mizinga ya Waturuki ilipozibomoa mwaka 1453. (Mwaka 1204 mji ulitekwa, lakini walioingia walipitia upande wa bahari.)

Hapa jirani tuna Fort Jesus, Mombasa, ngome ya Wareno. Waarabu wa Omani waliizingira Machi 1696 na hawakuiteka hadi Desemba 1698. Fikiria, karibu miaka mitatu! Waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na njaa na maradhi. Ndiyo maana kwangu ghala na maji ni muhimu kuliko unene wa ukuta.

Kwetu Bagamoyo, boma la Abushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, lilikuwa la magogo. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alilishambulia kwa mizinga Mei 1889, likaanguka siku hiyohiyo. Linaniuma kila nikipita Ngome Kongwe ya hapa Bagamoyo na kushika ule ukuta wa matumbawe, pale chokaa ilipobanduka na vitundu vya mawe vinaonekana. Wale watu hawakukosa ushujaa; gogo halihimili mzinga.

Na Ukuta Mkuu wa China? Mwaka 1644 Wamanchu, wavamizi kutoka kaskazini-mashariki, hawakuuvunja ukuta pale kwenye lango la Shanhaiguan. Jemadari aliyekuwa akiulinda, Wu Sangui, ndiye aliyewafungulia lango.