Kabla Hujapeleka Mswada kwa Mpiga Chapa

Wengi wanaojichapishia vitabu hapa Mombasa hawaangushwi na uandishi. Wanaangushwa na hesabu na karatasi, mswada ukishakamilika na haraka ikishaingia.

Anza na kurasa. Kitabu cha A5 ni milimita 148 kwa 210, na kwa herufi za pointi 11 ukurasa hubeba mistari kama 30. Ubeti wa mistari minne pamoja na nafasi yake ni mistari mitano, basi ukurasa utabeba beti sita, na utenzi wa beti 600 utakula kurasa 100. Usikubali ubeti ukatwe, nusu huku nusu kule. Mshororo wa mizani 16 una herufi kama 40, nao unaingia kwenye A5 bila taabu. Ukikifanya kitabu cha mfukoni, kina cha mwisho kitaangukia mstari wa chini na shairi zima litaonekana limevunjika. Kisha uliza mkunjo wa mashine. Mashine kubwa nyingi hukunja kurasa 16 kwa mkupuo, hivyo mswada wa kurasa 163 utalipiwa 176, na 13 zitakaa tupu. Afadhali kupunguza kurasa tatu.

Katika upangaji wa kurasa kwenye kompyuta, zima mkato wa maneno wa Kiingereza, la sivyo utakuta "mwan-amke" mwishoni mwa mstari. Na kama kuna aya ya Kurani ama dua kwa hati za Kiarabu, hapo ndipo pa kuangalia mara mbili. Programu isiyotayarishwa kwa Kiarabu hutenganisha herufi na kuzipanga kuanzia kushoto, na mpangaji asiyeisoma hati hiyo haoni kosa lolote. Mpe anayeisoma apitie PDF ile ile inayokwenda mashineni, si faili ya Word. Aya iliyopinduka haiuziki mjini hapa, wala kitabu chenyewe hakitupwi ovyo.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, iombe KNLS (Huduma ya Maktaba ya Taifa) kabla jalada halijachorwa. Toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja lina namba yake. Msimbo wa mistari uwe mweusi juu ya nyeupe. Ukiwa mwekundu mashine ya dukani haiusomi. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, ila kusajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi.

Sasa karatasi, maana hewa ya pwani haina huruma. Karatasi ina nyuzi zinazolala upande mmoja, na nyuzi hizo ziende sambamba na mgongo wa kitabu. Zikipita kinyume, unyevu huzitanua kurasa huku gundi ikizishika, na kitabu kinajikunja mawimbi hata kabla hakijafunguliwa. Kupima ni rahisi: kata kipande cha karatasi, kilowanishe upande mmoja, kitajiviringa kama mrija. Urefu wa mrija ndio mwelekeo wa nyuzi. Jalada nalo, likiwa na laminesheni (utando wa plastiki) nje tu, upande wa ndani hunywa unyevu na jalada likabenuka. La gramu 300 kwa mita ya mraba hustahimili kuliko la 250. Kwa mgongo, karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, kurasa 160 ni karatasi 80, basi mgongo milimita 8. Chini ya milimita 5 usiandike jina mgongoni, litateleza upande wa mbele.

Vikishatoka, viweke juu ya chaga, vimelala, mbali kidogo na ukuta. Kuta za matumbawe za Mji wa Kale hutoa unyevu mwaka mzima, na masika huwa balaa.

Juu ya idadi: mashine ya ofseti hudai gharama ya sahani za kuchapia hata ukichapa nakala moja, kwa hiyo nakala chache zipeleke kwenye mashine ya dijitali. Uliza kama bei imejumlisha VAT ya asilimia 16. Tuseme nakala imekugharimu shilingi 250 na dukani inauzwa 500. Duka likichukua asilimia 35, wewe unapata 325, faida 75. Chapa 500, gawa 60 bure (mashemeji, maustadhi, aliyekuhariria, na jirani aliyesikia tu), na ile faida ya 33,000 ya nakala 440 inamegwa 15,000. Bei iliyopangwa bila hesabu ya zawadi ni ya kujidanganya.

Maduka mengi yatakuomba mali kauli, yaani wakulipe wakishauza. Kubali, lakini kwa hati: tarehe, idadi, bei, siku ya kuhesabu, saini mbili. Acha nakala tano, si 30, urudi mwisho wa mwezi uhesabu rafuni mwenyewe. Na hati hiyo iseme mapema ni nani atakayebeba hasara ya nakala zilizorudi zimechafuka.