Chuo kimepanda nafasi 80 duniani: niandikeje?

SWALI: Ni mgeni kwenye dawati la elimu ya juu. Ofisi ya uhusiano ya chuo kikuu kimoja imetutumia taarifa kwamba chuo kimepanda nafasi 80 katika orodha ya vyuo bora duniani kwa mwaka mmoja, "kutokana na uwekezaji katika ufundishaji". Nithibitisheje kabla ya kuandika? Pia chuo hichohicho kinataka niwe mshauri wao wa kulipwa kuhusu namna ya kujitangaza. Nikubali?

JIBU: Mwenzangu, huenda kupanda huko ni kweli, na utakuthibitisha kwa dakika chache kwenye orodha yenyewe. Kazi ipo kwenye neno "kutokana". Kuna madai mawili hapo: namba na sababu yake. Wanahabari wengi hukagua la kwanza, kisha hulibeba la pili bila kuligusa.

Kwanza uliza ni orodha ipi na toleo lipi, maana orodha ya dunia si moja. Ile ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, inatoa asilimia 30 ya alama kwa tuzo za Nobel na medali za Fields (tuzo kubwa ya hisabati) walizopata wahitimu na wahadhiri. Sehemu kubwa ya alama zinazobaki ni makala za utafiti na watafiti wanaonukuliwa sana. Hakuna anayeingia darasani kutazama mhadhiri anafundishaje. Kama chuo chako kimepanda humo, maelezo ya ufundishaji hayana pa kusimama.

Kama ni orodha ya QS, kampuni ya Uingereza inayopanga vyuo vya dunia, tazama uzito wa vigezo. Maoni ya wanataaluma yana asilimia 30 na maoni ya waajiri 15. Yaani karibu nusu ya alama ni jinsi watu wanavyokifikiria chuo, na wengi wao hawajawahi kusoma hapo. Uwiano wa wahadhiri na wanafunzi una asilimia 10, nao huhesabu vichwa tu. Haukwambii kama mwanafunzi anarudishiwa kazi yake ikiwa na maoni ya kumsaidia.

Halafu linganisha kanuni za toleo hili na za lile lililopita. Hapa ndipo habari nyingi za "kupanda kwa kishindo" zinapozaliwa. Katika toleo lililotoka katikati ya mwaka 2023, QS ilipunguza uzito wa maoni ya wanataaluma kutoka asilimia 40 hadi 30, na ule wa uwiano wa wahadhiri na wanafunzi kutoka 20 hadi 10. Ikaongeza vigezo vipya: uendelevu, ajira za wahitimu na mtandao wa utafiti wa kimataifa. Chuo Kikuu cha Sydney kikatoka nafasi ya 41 hadi ya 19. Kinaweza kuwa chuo kizuri sana, lakini taasisi yenye maelfu ya watumishi haigeuki kiasi hicho kwa miezi kumi na miwili. Kipimo ndicho kilichogeuka. Kwa hiyo iombe ofisi ya uhusiano alama za kila kigezo kwa miaka yote miwili, usikubali nafasi peke yake. Wakikataa, andika kwamba wamekataa.

Angalia pia kama nafasi imetolewa kwa makundi. Chini ya orodha vyuo huwekwa kwa mafungu, na pengo la alama kati ya fungu na fungu ni dogo mno. Hapo "nafasi 80" inaweza kuwa tofauti isiyo na maana yoyote.

Baada ya hapo uliza takwimu zimetoka wapi, kwa kuwa nyingine hupelekwa na vyuo vyenyewe. Kisa cha Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, kinafaa kujulikana na kila anayeandika habari hizi. Kilikuwa nafasi ya pili katika orodha ya kitaifa ya U.S. News, chombo cha habari cha huko. Februari 2022, profesa wake wa hisabati, Michael Thaddeus, alichapisha uchambuzi akionyesha kwamba takwimu kadhaa zilizopelekwa hazikubaliani na kumbukumbu zilizo wazi kwa umma. Chuo kilikuwa kimedai asilimia 82.5 ya madarasa ya shahada ya kwanza yana wanafunzi chini ya 20. Baadaye chenyewe kilikiri kwamba ni takriban asilimia 57, na mwaka huohuo kikashuka hadi nafasi ya 18. Thaddeus hakuvujishiwa siri. Kwa suala la ukubwa wa madarasa, alifungua orodha ya masomo ya chuo na kuhesabu. Njia hiyo iko wazi kwako pia: ratiba, ripoti za mwaka, hesabu zilizokaguliwa, idadi ya wahadhiri wa kudumu. Kama kweli wamewekeza katika ufundishaji, bajeti itaonyesha.

Ninasisitiza hivi kwa sababu mzazi anaweza kuuza mali kwa kuamini kichwa cha habari ulichokiandika wewe.

Kuhusu ushauri, usikubali. Huwezi kupokea malipo ya chuo unachokiandika, hata ukijiamini vipi, kwa kuwa msomaji hana namna ya kukagua moyo wako. Ushauri wenyewe si dhambi. Baada ya miaka ya kuandika utajua mengi yanayoweza kusaidia, nami huwashauri wazazi na wanafunzi bila kupokea kamisheni ya chuo chochote. Sharti hilo silegezi, maana mawakala wengi hulipwa na vyuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka, na ushauri wao huelekea huko. Siku ukiamua kuvishauri vyuo, achana na kuviandika, na umwarifu mhariri kwa maandishi.

Mwaliko huo mwoneshe mhariri wako leo, kabla habari haijatoka, hata kama umeshaukataa. Yeye ndiye aamue kama uendelee nayo au apewe mwingine.