Nyota 94 nyuma ya senti ya 1794

Ndugu, umeuliza inawezekanaje senti mbili za shaba za Marekani, zote za mwaka 1794 na zimechakaa sawa, zipishane bei kiasi hicho. Jibu limo kwenye mihuri ya chuma iliyozigonga. Wakati huo kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilikuwa kichanga, na sehemu kubwa ya nakshi za mihuri ilichongwa kwa mkono, hivyo kila muhuri ulitofautiana kidogo na mwenzake: shungi la nywele, nafasi kati ya tarakimu, idadi ya majani kwenye shada. Kwa mwaka huo pekee zimetambuliwa aina zaidi ya 50, na wakusanyaji huzitaja kwa namba alizozipanga William Sheldon, mtaalamu wa senti hizo za kale; aina iliyo adimu ndiyo huwa ghali.

Namba 48 ndiyo inayonivutia kuliko zote. Ukiigeuza nyuma na kuichungulia kwa lenzi, utaona nyota ndogo mno 94 zimezunguka ukingo, zikiwa zimejificha katikati ya vijino vidogo vilivyopangwa kwenye ukingo huo, na mpaka leo hakuna anayejua kwa hakika ziliwekwa kwa nini.

Kwa hiyo linganisha kwanza pande zote mbili na picha za aina zinazojulikana kabla hujalipa. Senti ya 1799, ambayo ni adimu, ichunguze kwa makini zaidi, kwa sababu wadanganyifu wamezoea kuichonga tarakimu ya mwisho ya 1798 ili ionekane 9. Nakusihi pia usiisugue sarafu yako, kwani shaba iliyosuguliwa hupoteza rangi yake ya asili na wanunuzi huikwepa.